Kutoka Kipande cha Shingoni Hadi Chipu ya Chini ya Ngozi: Uliza Kabla ya Kunyoosha Mkono



Kila baada ya miezi kadhaa kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: ati watu wako karibu kuwekwa chipu mwilini. Mara iko kwenye chanjo, mara iko kwenye kitambulisho kipya, mara ni mpango wa mabwana wakubwa wa ng'ambo. Unasikiliza dakika tatu za mtu anayepiga kelele, unashtuka, unasambaza, na kesho yake umeshasahau.

Leo hebu tuliongelee jambo hili kwa utulivu, manake chipu za kuwekwa binadamu si hadithi. Zipo. Wamewekwa watu wazima wenye akili zao, kwa hiari yao, na historia yake imeshapita miaka 20. Zina faida za kweli na zina hatari za kweli. Msimamo wetu tunauweka mezani mapema: tatizo kubwa haliko kwenye kile kidude chenyewe. Liko kwenye daftari lililo nyuma yake, na kwa yule anayeshika kalamu. Vijana wa Kiislamu wa Kenya tumekulia kwenye foleni za kitambulisho. Tuna sababu kuliko wengi ya kulielewa hili kabla halijatufikia mlangoni.

KIDUDE CHENYEWE NI NINI?

Ni kijichupa cha kioo kama punje ya mchele, urefu wake milimita 12 hivi. Kinaingizwa chini ya ngozi kwa sindano nene, mara nyingi kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, au kwenye mkono kwa juu. Hakina betri. Kimelala tu mpaka kifaa cha kukisoma kikaribie, na nguvu ya kile kifaa ndiyo inayokiamsha. Kikiamka kinataja nambari yake, kisha kinalala tena. Ni ndugu wa ile kadi ambayo watu hugusisha mlangoni pa ofisi kubwa za Nairobi ili mlango ufunguke.

Kwa wanyama jambo hili ni la kawaida. Uingereza ilifanya chipu kuwa lazima kwa mbwa tangu 2016. Hapa kwetu, mwaka 2013 shirika la wanyamapori KWS lilipokea chipu 1,000 za kuwekwa vifaru, ili pembe ikikamatwa ijulikane ilitoka kwa mnyama yupi.

Kwa binadamu, mmoja wa wa kwanza kujaribu alikuwa Profesa Kevin Warwick wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, mwaka 1998. Milango ya jengo lake ilimfungukia na taa zikawaka akipita. Mnamo Oktoba 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu chipu iliyoitwa VeriChip itumike kwa wagonjwa. Ilikuwa na nambari ya tarakimu 16, basi. Jina lako halikuwa ndani, wala ugonjwa wako. Nambari ilikuwa ufunguo tu, na habari zenyewe zilikaa kwenye kompyuta za kampuni. Shika hapo, tutarudi.

WANAOIPIGIA DEBE WANASEMAJE?

Tuwatendee haki. Mtu amepata ajali, amezimia, hana hata karatasi mfukoni. Daktari akisoma nambari anajua huyu ana kisukari, dawa fulani inamdhuru. Mzee aliyepoteza kumbukumbu ametoka nyumbani na hajui jina lake. Akiwa na nambari, anarudishwa kwa wanawe. Mtu ambaye mikono yake haishiki vizuri, ambaye kutafuta funguo ni mateso ya kila siku, anasogeza mkono na mlango unafunguka. Haya si mambo ya kuchekwa.

Sweden walifika mbali zaidi. Kuanzia 2015 watu wa jengo la ofisi liitwalo Epicenter, mjini Stockholm, walianza kuwekewa chipu mikononi ili wafungue milango na kutumia mashine za kunakili. Mwaka 2017 shirika la reli la nchi hiyo, SJ, likawaruhusu abiria wenye chipu kuitumia kama tikiti. Waliowekewa wakafika maelfu. Mwaka huohuo huko Wisconsin, Marekani, kampuni ya Three Square Market iliwapa wafanyakazi nafasi ya kuwekewa chipu ili waingie ofisini, wafungue kompyuta na kununua vitafunio. Kama 50 hivi walikubali, wengine wakakataa, na kazi ikaendelea.

Kwa hiyo mtu akikuambia kila mwenye chipu amefanywa mtumwa, anakudanganya. Wengi wao walitaka tu kuacha funguo nyumbani.

HATARI ZILIZOANDIKWA, SI ZA KUAMBIWA

Sasa tugeuze upande wa pili.

Kwanza, mwili. FDA yenyewe, ilipotoa ruhusa 2004, iliorodhesha hatari: nyama ya mwili inaweza kuikataa, chipu inaweza kuhama kutoka pale ilipowekwa, inaweza kugoma kufanya kazi, na inaweza kuleta shida mgonjwa akiingizwa kwenye mashine ya MRI. Mwaka 2007 shirika la habari la AP liliripoti tafiti za miaka ya nyuma ambapo baadhi ya panya waliowekewa chipu walipata uvimbe wa saratani pale pale penye chipu. Panya si binadamu, na hiyo haikuthibitisha kwamba mtu atapata saratani. Lakini watu walikuwa na haki ya kuambiwa kabla ya sindano.

Pili, wizi. Mwaka 2006 mtaalamu Jonathan Westhues alionyesha jinsi ya kuisoma VeriChip na kutengeneza nakala yake. Kumbuka tulisema inalala mpaka iamshwe. Haijui nani anaiamsha. Ukiibiwa kadi ya benki unapiga simu, inafungwa, unapewa nyingine. Nambari iliyo ndani ya nyama ya mkono wako ikiibiwa, unafanyaje? Unaenda kukatwa?

Tatu, ridhaa. Mwaka huo wa 2007 kituo kimoja cha Florida kilipanga kuwawekea chipu wagonjwa wapatao 200 wa Alzheimer, ule ugonjwa unaokula kumbukumbu. Wanaharakati wakauliza swali jepesi: mtu asiyekumbuka jina la mwanawe amekubali vipi? Mwaka uliofuata, jimboni Papua, Indonesia, wabunge walileta pendekezo la kuwawekea chipu baadhi ya watu wenye virusi vya ukimwi ili wafuatiliwe. Kelele zilipigwa na pendekezo likaanguka. Lakini angalia mwelekeo. Kila inapokuja suala la kulazimisha, hawaanzi na waziri wala mwenye kampuni. Wanaanza na mgonjwa, mfungwa, mkimbizi, mtu ambaye jamii haitamtetea kwa sauti kubwa.

Nne, biashara. Tommy Thompson alikuwa Waziri wa Afya wa Marekani wakati VeriChip inapewa ruhusa, na FDA iko chini ya wizara hiyo. Alitoka serikalini mapema 2005, na mwaka huohuo akaingia kwenye bodi ya kampuni ya VeriChip. Yeye alisema hakuhusika na ruhusa ile. Sawa. Sisi tunasema tu: unapouziwa kitu kwa jina la afya yako, angalia pia nani anahesabu pesa.

Mwisho wa VeriChip ulikuwa upi? Wanunuzi walikuwa wachache, na mwaka 2010 kampuni iliacha kuiuza. Hebu jiulize: aliyekuwa ameshawekewa abaki na nini mkononi? Punje ya kioo yenye nambari, na daftari la nambari hiyo liko kwa watu ambao biashara imewashinda.

SISI TUNAIJUA HADITHI HII

Unaweza kusema, hayo ni ya Marekani na Sweden, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, manake Kenya ni nchi iliyoanza kuwabandika watu nambari zamani sana.

Sheria ya mkoloni ya 1915, iliyoanza kutekelezwa mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 kubeba kipande. Ilikuwa karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Ukiacha kazi bila tajiri kutia sahihi, wewe ni mtoro, unakamatwa. Kupinga kipande kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya Harry Thuku akamatwe, na Machi 1922 waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi Nairobi. Mpaka leo mzee akikuuliza kitambulisho anaweza kukuambia, "Lete kipande." Neno halijafa.

Kile kikasha hakikuwa na teknolojia yoyote. Kilikuwa chuma na kamba. Uzito wake ulitoka kwa sheria iliyokuwa nyuma yake na polisi aliyekuwa barabarani.

Njoo karibu zaidi. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali waliamriwa wapigwe msasa upya kuthibitisha uraia wao, wakapewa kadi za peke yao juu ya kitambulisho. Na miaka ya njaa na ukame kule Garissa na kaunti jirani, familia za Wakenya zilijiandikisha kwenye kambi za wakimbizi ili wapate chakula. Watoto wakachukuliwa alama za vidole. Mtoto akafika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho, akaweka kidole kwenye mashine, mashine ikasema: wewe ni mkimbizi. Baba Mkenya, mama Mkenya, amezaliwa Kenya, lakini kidole chake mwenyewe kinamkana. Maelfu walikwama hivyo kwa miaka. Bila kitambulisho husajili laini ya simu, hufungui M-Pesa, hupati kazi, hupigi kura.

Ndiyo maana tulisema tutarudi kwenye daftari. Kidole hakikusema uongo. Daftari lilikuwa limeandikwa vibaya, na hakuna aliyekubali kulifuta. Sasa fikiria daftari la namna hiyo limefungwa kwenye kitu ambacho huwezi kukiacha nyumbani.

Ni kweli mambo yamesogea. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais alitangaza mwisho wa ule msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Ni ushindi wa watu waliopiga kelele kwa miaka mingi. Lakini mlango uliofunguliwa kwa tangazo unaweza kufungwa kwa tangazo.

HIARI YA MWENYE NJAA

Utasikia wakisema, "Ni hiari, hakuna anayelazimishwa." Wakenya tumeshaona hiari ya aina hiyo.

Julai 2023 watu walipanga foleni ndefu pale KICC Nairobi wapigwe picha ya mboni ya jicho na Worldcoin. Walipewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Wengi hawakujua data inaenda wapi. Walijua kodi ya nyumba imefika. Mwanzoni mwa Agosti serikali ikasimamisha zoezi, wakati Wakenya zaidi ya 300,000 walikuwa wameshajiandikisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba data ile ilikusanywa kinyume cha sheria na ikaamuru ifutwe.

Hatusemi waliopanga foleni walikuwa wajinga. Tunasema ridhaa inayonunuliwa wakati tumbo liko tupu haijatimia. Kesho mwajiri akisema, "Chipu ni hiari, lakini waliowekewa ndio watakaopata zamu," hiyo ni hiari gani?

Linganisha na Wisconsin. Ile kampuni ilianza chipu mwaka 2017. Lakini tangu 2006 jimbo hilo lilikuwa na sheria inayokataza mtu yeyote kumlazimisha mwingine kuwekewa chipu, faini mpaka dola 10,000, na kila siku ya kuendelea na kosa inahesabiwa kosa jipya. Majimbo mengine kama California na North Dakota yakafuata. Maana yake, mfanyakazi aliyesema hapana siku ile hakuwa peke yake. Sheria ilikuwa imesimama nyuma yake miaka 11 kabla ya sindano kufika.

Hilo ndilo tunalolitaka hapa: sheria itangulie sindano.

WACHA UVUMI, SHIKA HOJA

Sasa tuambiane ukweli sisi kwa sisi. Chanjo haikuwa na chipu. Chipu tulizozieleza hazina uwezo wa kuonyesha uko wapi kutoka angani. Haziongei na setilaiti, na kifaa cha kuzisoma lazima kije karibu kabisa. Huko Mexico kuna kampuni iliyowauzia matajiri waliogopa kutekwa nyara chipu za mwilini, ikiwaahidi watapatikana popote. Wataalamu wakasema wazi kwamba kidude cha namna hiyo peke yake hakiwezi kazi hiyo. Kinachojua ulilala wapi jana ni simu uliyoishika sasa hivi ukisoma haya.

Na kadi mpya ya Maisha? Ndiyo, ina chipu, lakini iko ndani ya plastiki, haiko ndani ya nyama yako. Maswali yake ni yale yale ya daftari: nani anasoma, nani anarekebisha kosa, nani anaachwa nje. Maswali hayo yalishinda kortini. Nubian Rights Forum na wenzao walipopeleka kesi ya Huduma Namba, Mahakama Kuu iliamua Januari 2020 kwamba kukusanya DNA na kurekodi mtu anaishi wapi kwa GPS ni kinyume cha Katiba, na kwamba mfumo hauwezi kuendelea bila kanuni za kulinda data. Kesi ile ilishinda kwa Katiba na ushahidi. Haikushinda kwa sauti za WhatsApp. Kila unaposambaza uvumi, unampa afisa sababu ya kutucheka siku tutakapoleta hoja ya kweli.

MASWALI YA KUULIZA

Mwili wako ni amana. Hukumu yake ya dini waulize maulamaa wako. Sisi tunakuachia maswali ya haki. Yatumie kwa chipu, kwa mboni ya jicho, kwa alama ya uso, kwa chochote wanachotaka kutoka mwilini mwako:

1. Nikisema hapana, nitanyimwa nini? Kama jibu ni kazi, dawa au shule, basi si hiari.

2. Nambari yangu inafungua daftari gani, liko wapi, na polisi wanaweza kulisoma bila amri ya korti?

3. Kuna njia nyingine ya kupata huduma hiyo hiyo bila kutoa mwili wangu?

4. Nikibadilisha nia, inatolewaje na kwa gharama ya nani? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuondoa ridhaa yako wakati wowote. Haki hiyo ina maana gani kama kuiondoa kunataka daktari na wembe?

5. Mashine ikikosea, nani anaaminiwa, mimi au mashine? Na nikatae wapi?

Ukikosa majibu, usinyooshe mkono. Ikiwa umeshatoa data bila kuelezwa, una haki ya kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako, cha 28 kinalinda heshima yako.

Na kuna kazi ya pamoja. Tunaomba kila mmoja wenu amuulize mbunge wake jambo moja tu, kwa simu, kwa ujumbe, au kwenye baraza: je, utaunga mkono sheria inayotaja waziwazi kwamba hakuna mwajiri, shule, hospitali, kambi wala jela itakayomwekea mtu chipu kwa lazima au kwa kumnyima haki? Andika alivyojibu, na utuletee hapa kwenye ukurasa. Tutayachapisha majibu yote, jimbo kwa jimbo, pamoja na majina ya watakaonyamaza.